Panya wa Darini: Mgeni Aliyeletwa na Mizigo

Panya wako wa aina nyingi, na si wote wenyeji wa nchi hii. Panya wa darini, yule anayekimbia juu ya paa usiku, ni mgeni. Mkulima akijua jinsi mgeni huyu alivyofika, atajua pia jinsi ya kumzuia asiingie ghalani.

Alikotoka

Asili yake ni Bara Hindi. Alivuka bahari ndani ya vyombo vya wafanya biashara, akifuata nafaka. Mifupa yake imechimbuliwa Unguja Ukuu, katika kisiwa cha Unguja, mahali palipokuwa na bandari zaidi ya miaka 1,000 iliyopita.

Panya huyu hasafiri mbali kwa miguu yake mwenyewe. Mtu ndiye humchukua. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na mwisho wa mwaka 1901 ikafika ziwani Kisumu. Njia za biashara zilipofunguka, mizigo ilikwenda bara, na panya pamoja nayo. Hata leo husafiri katika lori la mahindi, katika magunia ya zamani na katika vyombo vya mtu anayehamia shamba jipya.

Jinsi ya kumtambua

Panya wa shamba, aliye mwenyeji, huchimba mashimo ardhini. Mkia wake unakaribia kuwa sawa na mwili, na jike aweza kuwa na matiti hata 24. Panya wa darini ana mkia mrefu kuliko kichwa na mwili pamoja, na masikio makubwa. Ni hodari wa kupanda miti, kuta na kamba.

Hasara yake

Hesabu mwenyewe. Panya mmoja akila gramu 15 za mahindi kwa siku, kwa mwaka atakula zaidi ya kilo 5. Panya 15 watakula kilo 80 na zaidi, yaani karibu gunia zima la kilo 90. Tena huchafua mengine kwa mkojo na mavi. Jike hubeba mimba wiki 3 tu, na watoto wake huweza kuzaa wakiwa na umri wa miezi 3 hivi. Basi usingoje wawe wengi.

Hatari nyingine ni tauni. Viroboto wa panya mgonjwa humwacha akifa, wakamwuma mtu. Mwaka 1902 tauni ilizuka Nairobi, na mtaa wa maduka ukateketezwa kwa moto. Ukiona panya wengi wamekufa bila kutegewa wala kupewa sumu, usiwaguse kwa mikono mitupu. Pasha habari upesi katika kituo cha afya.

Mambo ya kufanya

1. Kung'uta na kuanika juani kila gunia la zamani kabla ya kulitia nafaka. Kagua mizigo kabla ya kuiingiza ndani.

2. Inua sakafu ya ghala mita 1 kutoka ardhini. Katika kila mguu, karibu na sakafu, funga bati la mviringo lililoinama chini kama mwavuli. Lisiache nafasi kati yake na mguu.

3. Kata matawi yanayokaribia paa la ghala. Ondoa ngazi kila jioni. Usiegemeze jembe wala mti ukutani. Hiyo ndiyo daraja ya panya.

4. Fyeka majani kuzunguka ghala, na zoa punje zilizomwagika.

5. Tega mitego kando ya kuta anapopita. Ukitumia sumu, fuata maagizo ya pakiti, na uiweke mbali na watoto, kuku na mbwa. Fukia mizoga.

Mkulima mmoja akisafisha ghala lake na jirani asifanye hivyo, panya watarudi. Yafaa wakulima wote wa mtaa wafanye kazi hii pamoja, kabla ya mavuno kuingia ghalani.

Maswali ya kuzungumza mkutanoni

1. Panya wa darini alienea bara kwa njia gani?

2. Miguu ya ghala lako ina mabati? Kama haina, utayafunga lini?