Dallas ya Embu, si ya Texas: vidokezo vya kuipeleka biashara yako mtandaoni

Ukiandika "Dallas" kwenye Google, utaletewa Texas: majumba marefu, timu ya Cowboys, uwanja wa ndege. Dallas yetu, hii ya mjini Embu, yenye mafundi wa sofa, welda, saluni na maduka ya nafaka, iko chini kabisa. Mteja aliye Runyenjes au Siakago hawezi kununua kwako ikiwa simu yake inampeleka Marekani. Vidokezo vifuatavyo vinawezekana hata kwa biashara ya chumba kimoja.

1. Taja Embu kila mahali. Jina la duka, ukurasa wa Facebook, maelezo ya TikTok: kote andika "Dallas, Embu", na kwa namna ileile. Kisha jisajili kwenye ramani ya Google, ni bure. Huenda ukatakiwa urekodi video fupi inayoonyesha barabara, bango lako na ndani ya duka, basi hakikisha kwanza kwamba bango lipo na linasomeka. Weka picha ya mlango jinsi unavyoonekana kutoka barabarani, na uelekeze watu kama unavyomwelekeza mtu wa bodaboda: umeshuka steji, upite wapi, ukunje wapi.

2. Jina la tovuti liwe lako. Majina yanayoishia na .co.ke husimamiwa na KeNIC na huuzwa na mawakala wake. Hapa ndipo wengi huumia. Kijana anakutengenezea tovuti, anaisajili kwa barua pepe yake na simu yake, na siku akihama au mkikosana, jina la biashara limebaki mfukoni mwake. Mlipe kazi yake vizuri, lakini usajili uwe kwa jina lako, barua pepe yako na nywila unayoijua mwenyewe. Malipo ni ya kila mwaka, kwa hivyo weka kumbusho kwenye simu kabla ya tarehe kufika.

3. Usiishi kwa Facebook peke yake. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika pamoja kwa takriban saa sita, dunia nzima. Aliyekuwa na tovuti yake bado alionekana. Ukurasa mmoja unatosha: unafanya nini, bei, uko wapi, namba ya simu, namba ya till. Punguza uzito wa picha, kwa maana mteja wako anafungua kwa bando la siku moja na hatasubiri.

4. Andika bei. Ile tabia ya "bei njoo inboksi" inafukuza watu. Anayetafuta kitanda cha futi tano kwa sita anataka kujua kama pesa zake zinatosha kabla hajapanda matatu. Kama bei inategemea mbao au kitambaa, andika inaanzia ngapi.

5. Hamia WhatsApp Business. Haina malipo, ina sehemu ya kupanga bidhaa na bei zake, saa za kazi, na jibu la kutumwa lenyewe ukiwa umefunga.

6. Omba ruhusa kabla ya kumpiga mteja picha. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na inauma. Mnamo Septemba 2023 Kamishna wa Data aliipiga faini klabu ya Casa Vera ya Nairobi Sh1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake, na shule ya Roma iliyoko Uthiru Sh4,550,000 kwa picha za watoto ambazo wazazi hawakuzikubali. Mwenye saluni anayeonyesha misuko mipya, au mwenye shule ya chekechea, asome hapo mara mbili. Pata idhini kwa maandishi, hata ujumbe wa WhatsApp, na uuhifadhi. Akibadili nia, ondoa picha siku hiyohiyo. Nami naona hili ni suala la heshima kabla ya kuwa suala la faini: mtu amekuja kusukwa, hakuja kukutangazia biashara.

7. Onyesha kazi ikifanyika. Chagua mtandao mmoja ambao wateja wako wapo, uushike. Fundi wa sofa akionyesha fremu ya mbao kabla haijafunikwa, kisha sponji, kisha kitambaa, amejibu swali ambalo kila mnunuzi analo: ndani kuna nini? Simu na mwanga wa asubuhi vinatosha. Zungumza Kiswahili au Kiembu kama unavyozungumza dukani.

8. Kabla ya Desemba, pitia kila kitu. Watu wanaporudi nyumbani kutoka Nairobi, huagiza wakiwa bado huko: viti vya sherehe, geti jipya la mzee, unga wa wiki nzima. Rekebisha saa za kazi, hasa Krismasi na Mwaka Mpya, futa bidhaa zilizokwisha, na ujipigie kwa namba iliyo kwenye tovuti uhakikishe inaita.