Hesabu ya Mwaka wa Mbio katika Nchi ya Unyanyembe

Mkimbiaji wa ridhaa, yaani yule anayekimbia kwa hiari yake baada ya kazi zake za kila siku, bila malipo wala kuwania ubingwa, kwa kawaida hufanya hesabu ya mwaka wake mwezi Desemba na kutangaza malengo mapya ifikapo Januari, kwa kuwa hivyo ndivyo kalenda ya ukutani inavyomwelekeza. Katika uwanda wa Unyamwezi, ambako mji wa Tabora umekaa kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, mazoea hayo hayafai, kwa sababu miezi hiyo miwili imo ndani ya majira ya mvua, yanayoanza Novemba na kwisha Aprili, na wakati huo njia za udongo huwa zimelowa, mbuga, yaani mabonde mapana yenye udongo mweusi unaonata, huwa zimejaa maji, na mkimbiaji hana kipimo cha kuaminika cha kumwonyesha kama miguu yake imeimarika au imedhoofika. Mwaka wa mbio wa Tabora huanza Mei, ardhi inapokauka, na hufungwa mvua za kwanza zinaporejea, na anayeupima kwa namna nyingine hujilaumu bure kwa miezi ambayo hali ya nchi haikumruhusu kukimbia.

Hesabu hii si ngeni katika eneo hili. Wapagazi wa Kinyamwezi, waliobeba pembe za ndovu kwenda pwani na kurudi bara na vitambaa, shanga na nyaya, kwa sehemu kubwa waliondoka baada ya mavuno na kujitahidi kuwa nyumbani mvua za kulimia zilipokaribia, hivyo mwaka wao wa safari ulifuata jembe. Mwendo wao pia ulipimwa kwa siku na kwa maji. Wasafiri Waingereza Burton na Speke, waliofika Kazeh, kitovu cha biashara kilichokuwa mahali palipo Tabora ya leo, mnamo Novemba 1857, walitumia zaidi ya miezi minne kutoka pwani, ilhali mwandishi wa habari Stanley, aliyeondoka Bagamoyo Machi 1871 na kuingia Unyanyembe, nchi inayozunguka Tabora, Juni mwaka huo, alitumia siku zaidi ya 80 kwa safari hiyohiyo, na tofauti hiyo ilitokana na maradhi, hongo, yaani ushuru wa kupita, zilizodaiwa njiani, upatikanaji wa wapagazi na hali ya mito, mambo ambayo urefu wa njia peke yake hausemi lolote juu yake. Ni lazima pia isemwe kwamba njia hiyo ilipitisha watu waliotekwa na kufungwa minyororo kuelekea masoko ya pwani, na mtu anayeikimbia leo kwa ajili ya afya yake anawajibika kulijua hilo.

Kabla ya kufika kwenye malengo, jua linastahili kuelezwa, kwa kuwa ratiba nyingi za mazoezi zinazosambazwa nchini huandikwa na watu wa Dar es Salaam na hubeba saa za Dar es Salaam. Tanzania nzima hutumia saa ileile, lakini Tabora iko mbali magharibi, kiasi kwamba jua huchomoza huko takriban dakika 26 baada ya kuchomoza Dar es Salaam, na kwa sehemu kubwa ya mwaka huonekana kati ya saa 12 na nusu na saa 1 asubuhi. Vivyo hivyo, jua la utosini hufika karibu saa 7 mchana, na joto kali la Septemba na Oktoba, ambalo huvuka nyuzi 30 za Selsiasi, huendelea hadi saa 10 alasiri na kupita hapo. Ratiba inayomwambia mkimbiaji atoke saa 10 na nusu jioni humtupa katika sehemu mbaya kabisa ya siku, na mwandishi wa makala haya, aliyeifuata ratiba ya namna hiyo kwa msimu mzima wa kiangazi kilichotangulia, anaamini kwamba imewakatisha tamaa wakimbiaji wengi zaidi kuliko uvivu ulivyofanya.

Tathmini ya mwaka ina hatua tatu: kusoma kumbukumbu, kukagua vifaa, na kuchagua jaribio moja la kufunga msimu. Kupasha mwili, kunyoosha viungo, kunywa maji ya kutosha na kutoongeza umbali kwa pupa ni mambo yaliyokwisha kuandikwa kila mahali, na hayatarudiwa. Kuhusu kumbukumbu, inatosha kusema kwamba daftari la kawaida la shule linafaa kuliko programu ya simu, kwa kuwa simu huhesabu kilomita na kasi, lakini haiandiki kwamba njia ilikuwa ya mchanga, kwamba upepo ulivuma kutoka mashariki, au kwamba maji yaliisha kabla ya kugeuka, na hayo ndiyo yanayoeleza kwa nini saa moja ya Juni na saa moja ya Oktoba hazilingani.

Vifaa vinahitaji maneno zaidi, na hapa hapana budi kuwazungumzia wauza viatu. Wakimbiaji wengi wa Tabora huvaa viatu vya mtumba, na hilo si jambo la kuonea haya, kwani kiatu kizuri cha mtumba kilichotengenezwa kwa ajili ya mbio hushinda kwa mbali kiatu kipya cha bei ndogo kilichobandikwa nembo ya kuiga, ambacho soli yake ni ngumu na haina msaada wowote kwa kisigino. Tatizo liko kwa baadhi ya wauzaji ambao huisugua soli kwa brashi na sabuni hadi ing'ae, huipaka rangi nyeupe pembeni, huibandika upya kwa gundi mahali ilipoanza kuachia, kisha huapa kwamba kiatu hakijawahi kuvaliwa. Jozi moja iliyonunuliwa kwa kiapo cha namna hiyo ilianza kuachia soli kwenye njia ya kwenda kijiji cha Kwihara, mbali na fundi yeyote, na muuzaji wake alipofuatwa alidai kwamba mchanga wa Tabora ndio wenye kosa. Mnunuzi anapaswa kubonyeza kwa kidole gumba sponji iliyo kati ya soli ya chini na wayo, na ikiwa haibonyei kabisa au imejaa mikunjo midogo ya mlalo, basi imekufa, hata kama sehemu ya juu ya kiatu inapendeza. Kisha akiweke kiatu mezani na kukitazama kwa nyuma, kwa kuwa kiatu kilichoegemea upande mmoja kimekwisha kufuata mguu wa mtu mwingine na kitamuumiza goti mmiliki mpya. Muuzaji mwaminifu, na wapo, humruhusu mteja akimbie nacho hatua chache palepale sokoni.

Hatua ya tatu, jaribio la kufunga msimu, ndiyo iliyozaa makala haya, kwa sababu mwaka huu ilifanikiwa, na ilifanikiwa kwa mbinu iliyotokana moja kwa moja na misafara ya wapagazi. Njia iliyochaguliwa ni ile inayotoka mjini kwenda Kwihara, kusini-magharibi, kwenye tembe, yaani nyumba ya udongo yenye paa bapa na ua wa ndani, ambamo Stanley na mmisionari Livingstone waliishi mwanzoni mwa 1872, na ambamo Livingstone alibaki hadi Agosti mwaka huo akiwasubiri wapagazi kutoka pwani. Nyumba iliyopo sasa imejengwa upya na kufanywa makumbusho. Njia yenyewe haina kilima cha kutisha, lakini ina mchanga mwepesi unaomeza nguvu ya kila hatua, na mbio za kwenda, kurudi na kuongeza mizunguko ya pembeni, hadi zitimie saa mbili na nusu, zilikuwa zimeshindikana mara kwa mara katika asubuhi za Septemba, si kwa kukosa pumzi, bali kwa sababu sehemu ya mwisho iliangukia wakati ambapo jua limekwisha kupanda na maji yaliyobebwa yamekwisha kunywewa.

Misafara ilikabiliwa na tatizo hilohilo kwa kiwango kikubwa zaidi. Kwa kawaida msafara uliondoka alfajiri na kupiga kambi kabla ya mchana, karibu na maji. Lakini pale ambapo maji yaliyofuata yalikuwa mbali kupita uwezo wa asubuhi moja, watu walipumzika kisimani, wakapika na kula, wakajaza vibuyu, wakaondoka mchana umepinda, wakatembea hadi giza, wakalala mahali pasipo maji, kisha wakamaliza kipande kilichobaki mapema asubuhi kabla ya jua kuwa kali. Mwendo huo, ambao wasafiri wa karne ya 19 waliuandika kwa jina la tirikeza, uliugawa ukame katika sehemu mbili zenye ubaridi na kuuacha mchana wa moto kando.

Mkimbiaji anaweza kufanya vivyo hivyo. Badala ya kukimbia saa mbili na nusu kwa mkupuo mmoja siku ya Jumapili, anatoka Jumamosi saa 12 jioni, wakati ambao Tabora bado ina mwanga wa dakika 40 au zaidi kwa sababu ya kule kuchelewa kwa jua, anakimbia saa moja kwa mwendo wa kuweza kuzungumza, na anarudi kula na kulala mapema. Alfajiri ya Jumapili, kabla hajaona njaa na kabla misuli haijasahau kazi ya jana, anatoka tena na kukimbia saa moja na nusu. Faida yake ina maelezo ya kisayansi: glaikojeni, yaani sukari inayohifadhiwa katika misuli na ini kwa matumizi ya haraka, hairejei kikamilifu kwa usiku mmoja, hivyo miguu ya asubuhi huanza ikiwa na uchovu unaofanana na ule wa nusu ya pili ya mbio ndefu, na mwili hujifunza kuuvumilia bila kupigwa na jua la saa 4.

Mbinu hii huharibika kwa urahisi mahali pamoja tu, nako ni jioni. Mkimbiaji anayejisikia mwepesi katika ubaridi wa saa 12 na nusu hushawishika kuongeza kasi, na akifanya hivyo hulala na miguu iliyochoka kupita kiasi na kuamka bila nguvu, kwa hiyo saa ile ya jioni lazima iwe ya polepole hata kama miguu inadai zaidi. Chakula cha usiku kiwe kile mwili unachokijua, na ugali kwa maharage au karanga unatosha. Viatu vifunguliwe kamba na kuachwa wazi vikauke, kwa kuwa mchanga ulioshikana na soksi yenye jasho ndio unaotoa malengelenge siku ya pili. Alfajiri, kabla ya kutoka, vijiko viwili vya asali katika maji ya uvuguvugu vinatosha, na Tabora, yenye misitu ya miombo na warinaji wa vizazi vingi, ni mahali bora pa kuipata, mradi inunuliwe kwa mrinaji anayejulikana, kwa sababu baadhi ya chupa zinazouzwa kando ya barabara zina sukari iliyochemshwa. Kipande cha jioni kikimbiwe pembeni mwa lami, ambako giza likiingia mkimbiaji anaona anapokanyaga, naye avae shati jeupe, maana bodaboda zisizo na taa ni nyingi. Kipande cha alfajiri ndicho cha njia ya mchanga.

Baada ya kurudia mpango huo wiki hadi wiki katika kiangazi, jaribio la Kwihara lilifanyika mvua zilipokuwa zimeanza kutisha, kwa mkupuo mmoja kuanzia alfajiri, na saa mbili na nusu zilikamilika bila kutembea, maji yakiwa bado yamebaki kwenye chupa chini ya miembe mikubwa ya kuingilia mjini. Furaha ya asubuhi ile ilikuwa kubwa kuliko ya medali yoyote ambayo mkimbiaji wa kiwango hiki angeweza kuitarajia.

Malengo mapya yanatokana na hapo. Mwaka 2025 Alphonce Simbu, mwana wa Singida, mkoa jirani, alitwaa mjini Tokyo dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha, akimaliza marathoni kwa saa 2:09:48 na kumshinda Amanal Petros wa Ujerumani kwa sehemu ndogo ya sekunde, na ni haki ushindi huo uwashe ari ya kila anayevaa viatu vya mbio nchini. Hata hivyo, muda wa bingwa haufai kuwa lengo la mtu wa ridhaa. Lengo linalofaa ni nusu marathoni, yenye takriban kilomita 21.1, katika Kilimanjaro Marathon ya Moshi, ambayo hufanyika mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Moshi mjini iko chini kuliko Tabora, kwa hiyo hewa haitakuwa tatizo, lakini kuna miinuko, na Tabora ni tambarare. Dawa yake ni mchanga uleule, kwani mguu unaozama hulazimika kusukuma kwa kigimbi na paja karibu kama unavyosukuma mlimani, na vipande vifupi vya mbio za nguvu mchangani, mara moja kwa wiki, vinaweza kufanywa hata wakati wa mvua, siku ambazo njia imekauka.

Msomaji wa Tabora, Nzega, Urambo au Sikonge anayetaka kuanza asisubiri Januari. Atumie mvua zilizobaki kukimbia taratibu kando ya lami na kutafuta kiatu chenye sponji hai, kisha Mei, njia zikikauka, atoke Jumamosi saa 12 jioni kwa nusu saa, na Jumapili alfajiri kwa nusu saa nyingine, na aandike vyote viwili katika daftari.