Uzi wa Gitaa na Kuzeeka Kwake

Mkoani Mara elimu ya uzi utoao sauti ilikuwepo kabla ya gitaa. Litungu la Wakuria lina nyuzi nane, ambazo zamani zilitengenezwa kwa kano za ng'ombe. Baadaye wapigaji wengi waligeukia nailoni ya mshipi wa kuvulia samaki, bidhaa iliyo rahisi kupatikana karibu na Ziwa Viktoria, toka Musoma hadi Nyasura na Bunda. Uzi ulibadilika, kanuni haikubadilika.

Kanuni hiyo ilielezwa na Mfaransa Marin Mersenne mwaka 1636. Urefu wa uzi ukizidishwa mara mbili, idadi ya mitetemo kwa sekunde hupungua nusu. Mkazo ukizidishwa mara nne, mitetemo huongezeka mara mbili. Uzito wa kila mita ukizidishwa mara nne, mitetemo hupungua nusu.

Katika gitaa ambalo nyuzi zake zina urefu wa sentimita 65, uzi wa kwanza hutetema mara 330 hivi kwa sekunde, na wa sita mara 82, yaani robo tu. Kama uzi wa sita ungekuwa waya mtupu wa chuma wenye mkazo uleule, unene wake ungekuwa mara nne ya ule wa kwanza. Hapo ndipo penye kikwazo. Ukakamavu wa waya huongezeka kwa kipeo cha nne cha unene, kwa hiyo ungekuwa mara 256! Waya wa namna hiyo ni ufito, si uzi. Dawa yake ni kuzungushia waya mwembamba wa shaba nyeusi juu ya kiini cha chuma: uzito huongezeka, na uzi hubaki mwepesi kupindika.

Lakini mizunguko hiyohiyo ndiyo huzeesha uzi. Jasho na uchafu wa vidole hujaa katikati yake, kutu huingia, na vyuma vya shingoni huchimba vishimo. Uzito wa uzi hauwi tena sawa kila mahali, na msuguano hula kwanza mitetemo ya juu, ile inayoipa sauti mng'aro. Mpigaji hukaza na kulegeza, wala gitaa halipatani. Wasio na fedha huchemsha nyuzi kuukuu. Uchafu hutoka na sauti hurudi kwa siku chache, ila vishimo hubaki.

Hasara hiyo si ndogo kwa fundi kama Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, aliyerekodi "Masanga" mwaka 1952. Yeye alipiga kwa kidole gumba na cha shahada tu, besi na sauti nyembamba zikienda pamoja, kila moja ikisikika wazi. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, aliyefariki mwaka 1979, alipiga gitaa la umeme. Humo sumaku huhisi mtetemo wa chuma peke yake. Nailoni ingekuwa bubu.

Mwalimu aweza kuonyesha haya darasani kwa mshipi wa kuvulia. Ncha moja ifungwe mezani, mshipi upitishwe juu ya vijiti viwili, na ncha ya pili ining'inizwe jiwe la kilo moja. Kisha yawekwe mawe ya kilo nne. Wanafunzi wapime kwa masikio: sauti ya pili itakuwa oktava moja juu ya ile ya kwanza.