Viporo vya Cherehani: Jinsi ya Kumaliza Mablanketi ya Viraka Yaliyolala Kirobani

Kila fundi cherehani hapa Kasulu ana kiroba chake. Ndani mna vipande vya vitenge vilivyobaki kwenye magauni, kola zilizokatwa zikaachwa, na kama fundi mwenyewe ni mpenzi wa mablanketi ya viraka kama mimi, mna pia uso wa blanketi ulioungwa nusu, umekunjwa na pini zake ambazo zimeanza kushika kutu. Kiroba hukaa chini ya meza ya kukatia. Mteja anayeingia haoni kitu, na anaondoka akidhani kazi zote za humu ndani huwa zinakwisha.

Riziki yangu ni sare za shule, magauni ya harusi na kupunguza suruali za mitumba. Viraka nashona kwa kupenda, nikibahatika nauza. Dada yangu aliyeolewa Kibondo naye ni hivyo hivyo, na tukipigiana simu, baada ya salamu za watoto, tunaulizana viporo vimefikia wapi. Katika kuulizana huko tumeona kwamba blanketi likilala, kuna kitu kimoja mahususi linachokingoja, na mara nyingi mwenyewe hajawahi kukitaja kwa jina. Anasema tu "sina hamu". Kitaje hicho kitu, na utajua kama blanketi ni la kumalizia, la kupunguza au la kufumua.

Toa vyote nje, kila kimoja kipe karatasi

Chagua siku ya jua. Tandika mkeka, mwaga viporo vyote, na kila kimoja ukibanie kipande cha karatasi chenye jibu la swali hili: kinangoja nini? Kwa uzoefu wangu majibu hayazidi manne.

*Kinangoja hela.* Blanketi la viraka lina matabaka matatu: uso, ujazo wa katikati na bitana ya mgongoni. Uso unatokana na mabaki, kwa hiyo haudai kitu. Bitana na ujazo ndivyo vinavyodai. Huku kwetu ujazo maalumu hauuzwi, wengi tunatumia blanketi jembamba la mtumba, na kwa bitana shuka la mtumba linatosha kabisa. Andika bei kwenye karatasi. Ukiiona bei kwa tarakimu, unaweza kuitengea pesa ya gauni moja, wakati "nitanunua siku moja" haitengewi kitu.

*Kinangoja nafasi.* Kutandaza matabaka matatu bila mkunjo kunataka sakafu, na sebule yenye makochi manne haina sakafu. Hapa dawa ni kuazima: baraza ya jirani, ukumbi wa kanisa siku isiyo na ibada, au mkeka uani asubuhi kabla upepo haujaanza. Kusanya viporo vyote vyenye jibu hili na uvitandaze siku moja. Vikishabanwa kwa uzi wa bandi, kazi iliyobaki inafanyika hata mapajani.

*Kinangoja uamuzi.* Vipande vimekatwa, ila hujui kipi kikae kando ya kipi. Hiki ndicho kiporo cha watu wenye jicho kali, maana wanaona kasoro kabla ya kushona. Mimi huvipanga juu ya mkeka na kumwita mtu ambaye hashoni. Kuna bibi jirani yetu nilimwita akiwa njiani kutoka sokoni.

"Shikamoo bibi. Hebu niangalizie hapa."

"Marahaba mwanangu. Hicho chekundu kinawaka mno. Kipeleke pembeni."

Akaenda zake. Nikakipeleka pembeni, nikawasha cherehani. Jicho la mtu ambaye hajali mtindo lina faida yake. Wanawake wa Gee's Bend, kijiji cha watu weusi huko Alabama, Marekani, walishona mablanketi yao kwa nguo za shamba zilizochakaa, magoti ya suruali yaliyopauka yakikaa kando ya kitambaa ambacho hakijawahi kupigwa na jua. Walitumia kilichokuwepo, wakipanga kila mmoja kwa namna yake. Mwaka 2002 mablanketi hayo yalitundikwa kwenye jumba la makumbusho ya sanaa la Houston, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikayachapa kwenye stempu. Basi kama rangi zako hazilingani, shona hivyo hivyo.

*Kinangoja mtu.* Ulianza blanketi la mtoto mchanga, na huyo mchanga sasa yuko darasa la tatu. Ulimkusudia wifi, mkakosana. Kiporo cha namna hii hakimaliziki mpaka kipate mwenyewe mpya. Andika jina jipya kwenye karatasi. Kama jina halipatikani, andika "cha kuuza", nalo ni jina.

Piga hesabu kabla ya kugusa mkasi

Viporo vingi huzaliwa siku ya kukata, kwa sababu mtu anaanza na kitanda kikubwa bila kujua kinameza vipande vingapi. Hesabu yake ni hii. Kitanda cha futi 5 kwa 6 ni inchi 60 kwa 72. Ukitumia viraka vinavyobaki inchi 6 baada ya kushonwa, unahitaji 10 kwa 12, yaani viraka 120. Hapo blanketi linafunika godoro tu. Ukitaka lining'inie nusu futi kila upande, linakuwa futi 6 kwa 7, na viraka vinapanda hadi 168.

Kila kiraka ukate inchi 6 na nusu, ili robo inchi iingie kwenye mshono kila upande. Upana wa kitenge wa kawaida unatoa viraka 6 kwa mstari bila wasiwasi. Viraka 120 ni mistari 20, sawa na inchi 130 za urefu, ambazo hazifiki yadi 4. Ukiona huna mabaki ya kiasi hicho, shuka hadi blanketi la mtoto: inchi 36 kwa 36, viraka 36, kitambaa cha yadi moja na kidogo.

Hesabu hii inaokoa hata viporo vya zamani. Uso wa kitanda ulioishia viraka 50 ni blanketi la mtoto lililokwisha, na kuna viraka 14 vya kutengenezea foronya. Mimi na dada yangu tumepunguza vingi kwa njia hii, na hakuna mtoto aliyewahi kulalamika kwamba blanketi lake lilikusudiwa kuwa kubwa zaidi.

Ukikwama kwenye bitana kila mara, badili njia

Kuna watu ambao nyuso wanamaliza, lakini zote zinarundikana zikisubiri bitana. Kama ni wewe, jaribu ushonaji wa Wasidi. Hawa ni wazao wa Waafrika waliovuka Bahari ya Hindi karne nyingi zilizopita, na wale wa jimbo la Karnataka kusini mwa India wana mablanketi yao ya viraka yanayoitwa kawandi.

Fundi wa Kisidi anatandika kwanza kitambaa kikubwa cha chini, mara nyingi sari kuukuu. Kisha anaanzia ukingoni: anaweka kiraka, anakunja ncha zake kwa ndani, anakipiga bandi kwa mkono moja kwa moja juu ya kile cha chini. Kiraka kinachofuata kinalalia ukingo wa kilichotangulia. Anazunguka pande zote nne, raundi baada ya raundi, akielekea katikati. Kwenye pembe anaweka vipande vidogo vilivyokunjwa, huitwa phula, na bila hivyo blanketi huhesabiwa kuwa bado.

Kwa njia hiyo uso na mgongo vinashonwa kwa pamoja tangu sindano ya kwanza. Hakuna siku ya kutafuta sakafu wala siku ya kusubiri hela ya bitana. Kwetu doti ya khanga zilizochakaa inafaa sana kwa kazi hii: unga vipande viwili kwa upande mrefu, utapata kitambaa cha chini kinachotosha kitanda cha 5 kwa 6. Kazi inakwenda polepole kwa kuwa ni ya mkono, lakini inabebeka. Unaipeleka kliniki, unaipeleka kwenye kikao, na umeme ukikatika haijali.

Kitambaa kizima ni akiba, kipande ni kazi

Sasa tuseme juu ya vitambaa vyenyewe. Milima hii ya Buha iliwahi kuhesabu vitambaa kama fedha. Stanley alipopita huku mwaka 1871 akielekea Ujiji kumtafuta Livingstone, watemi walimtoza hongo kwa doti za vitambaa, mpaka akaamua kutoroka usiku na msafara wake asije akaishiwa. Tabia hiyo haijatutoka. Kitenge kizima bado ni zawadi ya uzazi, rambirambi, mchango wa harusi na hela ya dharura. Ndiyo maana mkono unakuwa mzito kukikata, na fundi anaishia kuwa na sanduku limejaa na wakati huo huo "hana kitambaa".

Kwa hiyo tenganisha. Vitenge vizima weka sanduku la juu na usiviingize kabisa katika hesabu ya viraka. Kitambaa kilichokwisha guswa na mkasi kinashuka sanduku la chini, hicho ni cha kazi. Vya wateja viwe mbali na vyote viwili, na jina limebandikwa.

Sanduku la chini lipange kwa ukubwa, rangi itafuata baadaye. Vinavyotoa inchi 6 na nusu, weka fungu moja, na ukate hapo hapo siku vinapobaki, huku meza bado iko wazi. Vyembamba na virefu ni vya pindo. Vidogo kuliko kiganja jaza mto, suka kata ya kubebea ndoo, au shonea kishikio cha sufuria. Visivyofaa hata hapo, vitupe.

Kabla ya kukata, fua. Kitenge na khanga mpya vina wanga, na baadhi hurudi vikifuliwa. Vyekundu na bluu iliyokolea vijaribu: lowesha ncha, weka juu ya kitambaa cheupe, piga pasi. Kikiacha doa, fua tena hadi maji yawe meupe. Chumvi inayosifiwa mitaani haifungi rangi ya kiwandani, inakula tu hela ya mboga. Na ukitumia pasi ya mkaa, tanguliza kitambaa chenye unyevu, maana cheche moja inatoboa kiraka kilichoko katikati kabisa ya uso.

Sanduku la bati linashinda kiroba, kwa sababu panya hawalitoboi na vumbi letu jekundu haliingii. Liinue juu ya matofali kwa ajili ya mchwa na unyevunyevu. Mvua zikikatika, anika vyote kivulini kabla ya kuvirudisha, jua kali linapausha.

Usichokipenda tena, badilishana. Mimi na dada yangu tunatumiana vifurushi kwa basi la Kasulu na Kibondo. Mabaki yaliyonichosha mimi kwake ni mapya, na yake kwangu hivyo hivyo. Sharti ni moja: kifurushi kinachokuja kisizidi kinachokwenda.

Hamu ina majira yake

Nimeacha kuilaumu hamu, naifuata kalenda. Oktoba na Novemba watu wako shambani na mahindi. Desemba ni nguo za Krismasi, Januari ni sare za shule. Juni hadi Septemba kuna mavuno na harusi, na kamati nzima inataka kushonewa kitenge kimoja. Fundi akijipangia kumaliza blanketi katika miezi hiyo anajitafutia huzuni. Viraka vyangu nimevipa Februari hadi Aprili, wateja wanapopungua na mvua inamfunga mtu ndani tangu alasiri.

Ndani ya majira hayo jipe hatua, usijipe blanketi. Wiki hii kuunga mistari, wiki ijayo kupiga pasi, basi. Na ukisimama, usisimame mwisho wa hatua. Acha mstari katikati, kiraka kinachofuata kiko tayari chini ya mguu wa cherehani na uzi umetungwa. Kesho utakaa na kukanyaga, bila kuanza kuwaza ulikuwa wapi.

Viporo vilivyo wazi kwa wakati mmoja viwe viwili: kimoja cha cherehani, kimoja cha mkono kwa siku za giza. Cha tatu kikikuita, kikate, kifunge kwenye mfuko na karatasi yake, kingoje zamu. Kama mna kikundi cha kuweka na kukopa, kila mmoja aje na kiporo siku ya kikao na aseme mbele ya wenzake kinangoja nini. Utashangaa mara ngapi aliyekaa pembeni ndiye mwenye hiyo bitana.

Kuna kiporo ambacho, baada ya haya yote, karatasi yake inabaki tupu. Hakingoji hela wala nafasi, hakingoji uamuzi wala mtu. Hicho kifumue. Viraka virudi kwenye fungu la inchi 6 na nusu, na jina lake lifutwe kwenye orodha bila mazishi. Anza na kile kilichokaa chini kabisa ya kiroba, maana ndicho chenye uwezekano mkubwa wa kukosa jibu, na ndicho chenye vitambaa ambavyo umekuwa ukidhani huna.