Gari Linalozimika Likisimama: Jinsi ya Kutafuta Kiini cha Ugonjwa

Somo hili lahusu ugonjwa mmoja unaowasumbua sana watu wenye magari ya zamani ya petroli, yale yawezayo kupita porini na matopeni. Gari likiwa mbioni huenda vizuri; lakini dereva aondoapo mguu juu ya kikanyagio cha petroli, injini hutetemeka, hukohoa, na mwisho huzimika. Mfano utakaotumiwa hapa ni Land Rover yenye injini ya petroli ya silinda nne na ujazo wa lita 2¼. Injini hiyo ilianza kutiwa katika magari hayo mwaka 1958, na ilidumu mpaka aina ya Series III ilipokoma kutengenezwa mwaka 1985.

Ugonjwa huu si wa kupuuzwa. Injini ikizimika katikati ya kivuko cha mto, gari na abiria wake huwa katika hatari ya kuchukuliwa na maji. Ikizimika katika mteremko mkali, na gari ni la aina yenye chombo cha kusaidia breki kwa mvuto wa hewa ya injini, kikanyagio cha breki kitakuwa kigumu baada ya kukanyagwa mara chache tu. Na hata isipozimika, injini inayopewa petroli kupita kiasi hula fedha za mwenyewe kila siku.

Kosa la watu wengi ni kushika bisibisi mara moja na kuzungusha skrubu za kabureta mpaka injini iongeze mwendo. Kufanya hivyo ni sawa na kumfunika blanketi mgonjwa wa malaria anayetetemeka: baridi yapungua, lakini homa ingali mwilini. Wengine hununua kabureta mpya kwa gharama kubwa, kumbe kiini cha ugonjwa kilikuwa waya mmoja wa plagi. Kabureta na iwe ya mwisho kuguswa, wala si ya kwanza.

KWA NINI UGONJWA HUONEKANA GARI LIKISIMAMA

Kiwanda kiliagiza kwamba injini hii, ikisha pata moto wa kutosha, izunguke kadiri ya mara 500 kwa dakika gari likiwa limesimama. Kila silinda huwasha petroli mara moja katika kila mizunguko miwili. Maana yake ni mara 250 kwa dakika, au mara nne na zaidi kidogo kwa sekunde. Wakati huo mlango wa hewa katika kabureta huwa umefungwa karibu kabisa, na hewa na petroli ziingiazo ni kidogo mno. Injini haina akiba yo yote. Gari likienda mbio, ufa mdogo uingizao hewa ya wizi ni kama tone katika ndoo. Gari likisimama, hewa hiyo hiyo huwa ni sehemu kubwa ya yote iingiayo. Ndiyo sababu udhaifu wo wote, uwe wa umeme, wa valvu, wa hewa au wa petroli, hujionyesha kwanza hapo.

MATAYARISHO

Gari lisimamishwe mahali pa wazi, wala si ndani ya banda lililofungwa, kwa kuwa moshi wa injini una sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Gia iwe huru na magurudumu yazuiwe kwa mawe mbele na nyuma. Breki ya mkono ya gari hili haishiki magurudumu yenyewe, bali hushika mhimili uendao nyuma. Kwa hiyo haifai kutegemewa peke yake. Mtu asivute sigara wala asilete taa ya moto karibu.

Injini iachwe ipate moto, na choki irudishwe ndani kabisa. Kisha mwenye gari atazame mambo mawili mepesi. La kwanza ni chujio la hewa, ambalo katika magari haya huwa na oili chini yake. Vumbi la barabara za murram huigeuza oili hiyo kuwa tope, na hewa hupita kwa shida. La pili ni kikombe cha kioo kilicho katika pampu ya petroli. Maji ni mazito kuliko petroli, nayo huonekana yametulia chini. Aghalabu hutoka katika mapipa na madebe ya kuwekea petroli. Kikombe kisafishwe kabla ya kuendelea.

KWANZA: MOTO WA PLAGI

Ni lazima kujua kama silinda zote nne zinafanya kazi. Injini ikiwa imezimwa, waya wa plagi moja uvuliwe, na mwisho wake ugusishwe juu ya chuma safi cha injini, mbali na kabureta. Kisha injini iwashwe na kusikilizwa kwa muda mfupi bila kuushika waya huo. Ikizidi kutetemeka, silinda hiyo ilikuwa ikifanya kazi. Isipobadilika hata kidogo, mvivu amepatikana. Injini izimwe, waya urudishwe, na silinda nyingine ijaribiwe vivyo hivyo.

Akisha patikana mvivu, plagi yake ibadilishane mahali na plagi ya silinda nzima. Uvivu ukihama pamoja na plagi, plagi ndiyo mbovu. Ukibaki pale pale, kosa li katika waya, katika kifuniko cha distribyuta, au ndani ya silinda yenyewe. Kifuniko kitazamwe kwa makini, maana ufa mwembamba kama unywele watosha kupoteza umeme, hasa wakati wa mvua. Tena nyaya zihakikishwe kuwa zimefuata utaratibu wa kuwaka, ambao ni 1, 3, 4, 2, silinda ya 1 ikiwa ile ya mbele.

Nafasi ya plagi ni milimita 0.75 hadi 0.80. Ikiwa gari lingali na pointi, nafasi yake ni milimita 0.35 hadi 0.40. Rangi ya plagi nayo hutoa habari: masizi meusi makavu yaonyesha petroli imezidi, weupe waonyesha hewa imezidi, na weusi wenye majimaji waonyesha oili inaingia katika silinda.

PILI: VALVU

Silinda ikiwa ina moto mzuri lakini ingali mvivu, yafaa kuangalia valvu. Kipande cha karatasi kishikwe nyuma ya bomba la moshi injini ikizunguka polepole. Karatasi ikisukumwa sawasawa, ni vema. Lakini ikivutwa ndani mara kwa mara, huenda valvu moja haifungi sawasawa, au silinda moja haiwaki.

Nafasi ya tapeti zote ni milimita 0.25. Kuna hesabu nyepesi ya kukumbuka. Valvu ni 8, zikihesabiwa kutoka mbele; valvu moja ikifunguka kabisa, ile ya kupimwa ni ile ambayo namba yake ikijumlishwa na ya kwanza hufanya 9. Mathalani, ya 8 ikiwa wazi, hupimwa ya 1. Ya 6 ikiwa wazi, hupimwa ya 3.

Wengi hudhani kwamba tapeti isiyopiga kelele ndiyo nzuri. Sivyo. Tapeti iliyobana hunyamaza, na valvu yake hubaki wazi kidogo mpaka ikaungua. Jambo hili lina uzito zaidi tangu petroli yenye risasi iachwe katika nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara kufikia mwaka 2006. Kuiondoa risasi kulikuwa faida kubwa kwa afya ya watu, hasa watoto. Lakini risasi ilikuwa pia ikivilinda viti vya valvu. Katika injini ya zamani ambayo viti vyake si vya chuma kigumu, valvu ya kutolea moshi huzama polepole katika kiti chake, na nafasi ya tapeti hupungua. Basi ipimwe mara kwa mara.

TATU: HEWA YA WIZI

Hewa yote yapaswa kupita katika kabureta. Hewa iingiayo kwa njia nyingine, chini ya kabureta, hupunguza nguvu ya petroli, na injini hupanda na kushuka mwendo kama mtu anayehema. Dalili kubwa ni kwamba injini hutulia choki ivutwapo kidogo, na huzimika irudishwapo.

Penye kutazamwa ni gasketi iliyo chini ya kabureta, gasketi za manifoldi, na mipira yote iliyounganishwa hapo, pamoja na ule uendao kwenye chombo cha kusaidia breki. Injini ikizunguka, maji ya sabuni yapakwe kwa brashi ndogo penye maungio, matone machache tu, wala yasimwagwe juu ya chuma chenye moto mkali. Mlio ukibadilika mara maji yagusapo, ufa umepatikana. Mipira ibanwe mmoja mmoja kwa koleo bila kuikata; injini ikitulia mpira fulani ubanwapo, huo au chombo chake una tundu. Mwisho, mhimili mdogo wa mlango wa hewa utikiswe kwa vidole. Ukicheza sana na mwendo wa injini ukabadilika, umelika.

NNE: KABURETA

Sasa ndipo zamu ya kabureta. Ikiwa gari huenda vizuri mbioni na huzimika tu likisimama, yamkini kijitundu cha petroli ya mwendo wa pole kimezibwa na uchafu. Kitolewe, kioshwe kwa petroli safi, na kupulizwa kwa pampu ya baiskeli. Kisichokonolewe kwa waya, kwa maana kikipanuliwa hakirudi kuwa kama kilivyokuwa.

Magari ya mwanzo yalikuwa na kabureta ya Solex, na ya baadaye yakatiwa ya Zenith. Ile ya Zenith ina ugonjwa wake: uso wa kifuniko cha juu hupinda, na pete ndogo ya mpira iliyo ndani huchakaa, hata petroli ikapita bila kipimo. Dalili yake ni moshi mweusi, na skrubu ya mchanganyiko huzungushwa bila injini kujali. Pete ibadilishwe, na uso ule usuguliwe hata uwe bapa.

Hapo tu ndipo bisibisi itumike. Skrubu ya mchanganyiko izungushwe polepole mpaka injini izunguke kwa utulivu na wepesi kuliko penginepo. Kisha mwendo upunguzwe kwa skrubu ya mlango wa hewa. Kazi hiyo irudiwe mara mbili au tatu.

MWINUKO WA NCHI

Nairobi iko kadiri ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa sehemu 15 hivi katika 100. Gari lililorekebishwa Mombasa litakuwa na petroli ya kuzidi likifika Nairobi, na lililorekebishwa Limuru litapungukiwa likishuka pwani. Huo si ubovu. Kabureta irekebishwe mahali gari lifanyiapo kazi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini ufa mdogo huisumbua injini gari likisimama, na hauisumbui gari likienda mbio?
2. Plagi mbili zimebadilishana mahali, na silinda mvivu imebaki ile ile. Kitafutwe nini?
3. Kuna hatari gani katika tapeti isiyopiga kelele?
4. Injini hutulia choki ivutwapo. Je, imezidiwa na petroli au na hewa?