Muziki na Watoto Wenye Mahitaji Maalumu

Soma: 1 Samweli 16:14-23, Yohana 9:1-3, Zaburi 150



Katika somo letu twaona jinsi Daudi alivyompigia Sauli kinubi, na mfalme akapata nafuu. Lakini hapa yatupasa kujihadhari. Sauli alisumbuliwa na roho mbaya. Mtoto mwenye usonji au mtindio wa ubongo hana pepo, wala si adhabu ya dhambi za wazazi wake. Bwana wetu mwenyewe alikwisha kulijibu jambo hilo. Tunalojifunza kwa Daudi ni hili: muziki waweza kumfikia mtu pale ambapo maneno hayafiki.

1. Kazi hii ilivyoanza

Mwaka 1958 mpiga selo Juliette Alvin alianzisha chama cha tiba ya muziki huko Uingereza. Mwaka 1959 Paul Nordoff, mtunzi wa muziki kutoka Marekani, na Clive Robbins, mwalimu Mwingereza, wakaanza kufanya kazi pamoja katika makao ya watoto ya Sunfield, nchini humo humo. Nordoff alipiga piano, naye Robbins alikaa karibu na mtoto. Hawakumlazimisha mtoto aufuate wimbo, bali wimbo ulimfuata mtoto. Akipiga ngoma, piano ilishika mwendo wake. Akilia, piano ilikijibu kilio chake.

2. Inavyosaidia

Mtoto asiyesema hutambua kwamba yuko anayemsikia. Kisha mwalimu hunyamaza kidogo. Mtoto hungoja, halafu hupiga tena. Kupokezana huko ni mwanzo wa mazungumzo. Mwenye viungo vizito hupata sababu ya kunyosha mkono ili aifikie ngoma. Hata kiziwi ana fungu lake, maana mtetemo wa ngoma huusikia kwa mikono na nyayo. Evelyn Glennie wa Uskoti, ambaye ni kiziwi tangu akiwa na umri wa miaka 12, amekuwa mpigaji mashuhuri wa ngoma, naye hupiga bila viatu.

Muziki hauondoi ulemavu, wala haushiki mahali pa daktari.

3. Sisi tufanyeje?

Tiba kamili yataka mtu aliyefundishwa kazi hiyo. Hata hivyo, walimu wa Shule ya Jumapili waweza kuanza hivi:

(a) Uwepo wimbo mmoja wa kufungulia na mmoja wa kufungia, ule ule kila wiki, ili mtoto ajue linalokuja.

(b) Apewe kayamba au manyanga ashike mwenyewe. Asishikwe mkono kwa nguvu.

(c) Akiziba masikio, punguzeni sauti. Kwa mtoto mwingine kelele ni maumivu.

(d) Mkimwimbia swali, ngojeni jibu. Msilijibu kwa niaba yake.

Wako wazazi wanaomwacha mtoto nyumbani kwa kuogopa macho ya watu. Apigapo ukelele katikati ya ibada, tusigeuke kumkodolea mama yake. Zaburi ya 150 haikuwaalika wenye sauti nzuri peke yao; yeyote mwenye pumzi ameitwa.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni watoto gani wa mtaa wetu ambao hatujawaona kanisani? Nani atakwenda kuwatembelea wiki hii?

2. Kwaya yetu yaweza kumpa mtoto wa namna hii kazi gani, naye aifanye mwenyewe?