Vita vya Watu Wasiotajwa

Wanafunzi wenzangu, katika historia twajifunza kwamba Wabelgiji waliingia Kigali mwezi wa Mei 1916, na Wajerumani wakaondoka. Habari hiyo ni ya kweli. Lakini waliolima katika vilima hivi, kama hapa Kimihurura, walikula nini mwaka ule? Kitabu kitufundishacho kuuliza hivyo ni riwaya ya Kiingereza iitwayo Afterlives (2020), ya Bwana Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021.

Hadithi yenyewe ni ya mji wa pwani, katika koloni la Wajerumani ambalo Rwanda nayo ilikuwa sehemu yake. Kijana Ilyas ajiunga na jeshi la Wajerumani kwa hiari, amwacha dada yake mdogo, Afiya. Kwa kuwa binti huyo amejua kuandika, mlezi wake ampiga hata amvunja mkono. Hamza naye aenda vitani, arudi na jeraha la upanga alilotiwa na mkubwa wake mwenyewe, Mjerumani; halafu amwoa Afiya.

Yafaa tuangalie mambo mawili. Kwanza, mwandishi hakuwatanguliza majenerali. Vita twavijua kwa wale wangojao nyumbani wasipate habari. Pili, hafichi ubaya wa watu wetu. Ilyas awasifu Wajerumani, na askari weusi wanyang'anya chakula cha Waafrika wenzao. Ndivyo ilivyokuwa: jeshi la von Lettow-Vorbeck liliishi kwa mazao ya wanavijiji hata lilipoweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, latokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza.

Nasi tunayo habari yetu. Kati ya 1916 na 1918, kaskazini-magharibi mwa Rwanda paliingia njaa iitwayo Rumanura. Majeshi yalichukua vyakula na wapagazi, na mashamba yakakosa wa kuyalima. Jina la njaa limebaki. Majina ya wengi waliokufa hayakuandikwa.

Maswali:

1. Kwa nini Ilyas alijiunga na jeshi bila kulazimishwa?

2. Afiya hakwenda vitani. Je, vita havikumfikia?

3. Muulize mzee wa kwenu jinsi Rumanura ilivyosimuliwa katika ukoo. Andika jibu lake, na majina yote atakayoyataja.